Kalamashaka na "Ni Wakati" (2001): albamu iliyotoka Dandora

Leo tuweke kodi kando kidogo, tuongee muziki. Lakini tuanze na ramani.

Mwaka 1975 mradi wa Dandora ulianzishwa na Baraza la Jiji la Nairobi kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Viwanja kama 6,000 vilipimwa, vikawekewa maji, choo na bomba la majitaka, basi. Nyumba ujenge mwenyewe. Waandishi wa programu wanaijua hali hiyo vizuri: unapewa msingi, mengine ni shauri yako. Halafu jiji likaanza kumwaga taka zake hapo kando.

Huko ndiko walikotoka Kama, Oteraw na Johny, yaani Kalamashaka. Miaka hiyo ya tisini rap ya Nairobi ilikuwa kwa kiasi kikubwa ya Kiingereza, tena Kiingereza cha Brooklyn kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuvuka Mlolongo! Capital FM, iliyoanza 1996, nayo ilitangaza kwa Kiingereza. Mwaka 1997 hawa vijana wakatoa "Tafsiri Hii" kwa Kiswahili na Sheng. Hata jina lenyewe ni uchokozi: asiyeelewa atafute mkalimani. (Dar walitutangulia, tukubali. Mr. II alikuwa akichana kwa Kiswahili kabla ya hapo.)

Wimbo mmoja unaweza kuwa bahati. Albamu nzima ni kazi nyingine kabisa, na ndiyo sababu naiheshimu "Ni Wakati", albamu yao ya kwanza. Sheng humo si pilipili ya kunyunyiza juu ya chakula. Ndiyo chakula. Inabeba njaa, polisi, hasira na mawazo marefu kutoka wimbo hadi wimbo, na haiombi radhi kwa mtu wa Westlands.

Sasa upande wa teknolojia. Mwaka 2001 intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti. Nyaya za baharini zilifika 2009. Piga hesabu: wimbo wa dakika 4, MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, ni karibu megabaiti 4. Kwa modemu ya 56k hiyo ni dakika 9 hivi, laini isipokatika, na cyber inakutoza kwa dakika. Kwa hivyo muziki ulisafiri kwa kanda. Kila ukinakili kanda, sauti za juu hufifia na mvumo huongezeka, na sauti za juu ndizo zinazobeba s, t na k. Ngoma na besi zinabaki, maneno yanapotea. Kwa albamu ambayo mali yake yote ni maneno, hiyo ni hasara kubwa, mbali na hasara ya mfukoni. Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki mwaka huohuo wa 2001, lakini ilianza kutumika Februari 2003.

Hata hivyo, bila kanda za kunakili nadhani vijana wengi wa Eastlands wasingeisikia kabisa. Na waliosikia walijibu: mwaka 2004 Ukoo Flani Mau Mau, kundi lililoihusisha pia kambi hiyohiyo ya Dandora, lilitoa "Kilio cha Haki" likiwa na wasanii zaidi ya 30.

Ukiipata "Ni Wakati", usiisikilize kwa spika ya simu. Vaa hedifoni, anza na wimbo uliobeba jina la albamu, na usiruke.