Daftari la Kwanza la Wauguzi Lilikuwa Afrika

Ukiuliza ni wapi serikali ilianza kusajili wauguzi kwa sheria, wengi watakutajia Uingereza. Wanakosea. New Zealand ilitunga sheria ya wauguzi peke yao mwaka 1901, Uingereza ikafuata Desemba 1919. Lakini tangu 1891 Koloni la Cape, kusini mwa Afrika, lilikuwa limeingiza usajili wa wauguzi na wakunga katika sheria yake ya madaktari na wafamasia.

Chimbuko lilikuwa Kimberley, mji wa almasi uliojaa wachimbaji, ajali na homa. Mtawa wa Kianglikana, Henrietta Stockdale, alifundisha wauguzi katika hospitali ya mji huo, kisha akawakalia kooni wakubwa wa koloni mpaka sheria ikawatambua.

Uingereza mambo yalikuwa magumu zaidi. Ethel Fenwick, aliyewahi kuwa matroni wa hospitali ya St Bartholomew's jijini London, alishiriki kuanzisha chama cha kudai usajili mwaka 1887. Aliyempinga hakuwa mwingine ila Florence Nightingale, akiamini kwamba mtihani hupima elimu na hauwezi kupima tabia ya muuguzi. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Yeyote aliyewahi kulazwa ataielewa. Ila iliwaacha wagonjwa bila njia ya kumtambua aliyesomea kazi na aliyejivika tu sare. Mvutano ukapita miaka thelathini. Daftari lilipofunguliwa mwaka 1921, jina la kwanza lilikuwa la Fenwick mwenyewe.

Kule Cape, Cecilia Makiwane alikuwa ameshasomea uuguzi katika hospitali ya Victoria, Lovedale, na kufaulu mtihani wa serikali. Januari 1908 akasajiliwa, muuguzi wa kwanza Mwafrika kupata hadhi hiyo Afrika Kusini. Mtihani ulimpa alichokistahili katika koloni ambalo rangi ya mtu iliamua mengi.

Lakini anayeshika daftari ndiye anayeamua liandikwe vipi. Mwaka 1957, utawala wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ulipitisha sheria mpya ya uuguzi: madaftari yakatenganishwa kwa rangi, na viti vya baraza linalosimamia taaluma vikawa vya wazungu pekee. Wauguzi Waafrika hawakunyamaza. Walipinga sheria yenyewe, wakapinga pia kudaiwa nambari za vitambulisho, wakijua kwamba hapo ndipo mwanamke Mwafrika angebanwa achukue pasi ya kudhibiti mienendo yake. Kinga iliyobuniwa kwa ajili ya mgonjwa ilikuwa imegeuzwa nyenzo ya kuwadhibiti wahudumu wake, na hilo ni doa la sheria ile, si kosa la usajili wenyewe.

Makiwane alifariki mwaka 1919, mwaka uleule Uingereza ilipopata sheria yake. Hospitali kubwa ya Mdantsane, Eastern Cape, leo inaitwa kwa jina lake.