Mtawa aliyewafuata nyuki Kilimanjaro

Kila Mei 20, Siku ya Nyuki Duniani, tunasikia hotuba na kuoneshwa asali mezani na mizinga ya kisasa iliyopakwa rangi. Magonjwa hayatajwi sana, labda kwa sababu nyuki wetu hawajatusumbua. Wazungu waliokuja kuwatafuta katika milima yetu walikuwa wamesumbuka vya kutosha.

Kisa chenyewe kilianzia Kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Kuanzia mwaka 1904 wafugaji wa huko waliona nyuki wakitambaa kwenye majani mbele ya mizinga, wameshindwa kuruka, na makundi mazima yakafa. Baada ya miaka michache kilio kikawa cha nchi nzima. Bodi ya Kilimo ikatuma wataalamu, na ripoti ya 1912 ikamtwisha lawama Nosema apis, kimelea cha tumboni ambacho Mjerumani Enoch Zander alikuwa amekieleza mwaka 1909. Mwishoni mwa 1919, katika maabara ya John Rennie mjini Aberdeen, msaidizi wake Elsie Harvey akaona utitiri umejazana kwenye mirija ya kupumulia ya nyuki. Ukapewa jina la tajiri A. H. E. Wood aliyegharimia utafiti: Acarapis woodi. Marekani ikaingiwa na hofu, na mwaka 1922 ikapitisha sheria ya kuzuia nyuki kutoka nje.

Dawa nazo hazikukawia. Iliyovuma zaidi ilikuwa ya R. W. Frow, mchanganyiko wa petroli, nitrobenzini na mafuta ya safro, uliowekwa ndani ya mzinga majira ya baridi. Nitrobenzini ni sumu hata kwa binadamu, lakini mfugaji aliyebakiwa na mizinga miwili hakuwa na subira ya kusoma maonyo.

Katika abasia ya Buckfast, Devon, kijana mmoja wa Kijerumani alikuwa na mawazo mengine. Karl Kehrle, aliyezaliwa 1898 na kujulikana baadaye kama Bruda Adam, alipelekwa kusaidia kwenye manzuki ya watawa mwaka 1915. Majira ya baridi yaliyofuata nyuki weusi wa Kiingereza wakateketea, na makundi yaliyosalimika yakawa yenye damu ya Kiitaliano. Akaamua kwamba tiba imo ndani ya nyuki mwenyewe, na maisha yake yote akazunguka dunia akitafuta malkia wa kuchanganya mbegu.

Mwaka 1964 Leslie Bailey wa kituo cha utafiti cha Rothamsted akaandika katika jarida la Bee World kwamba habari ya ugonjwa wa Wight ni hekaya. Nyuki wenye utitiri, alisema, huruka na kukusanya nekta kama wenzao. Kutambaa kule kulifanana zaidi na virusi vya kupooza ambavyo yeye na wenzake walikuwa wamevitenga mwaka 1963. Juu ya hayo kulikuwa na hali mbaya ya hewa, na nyuki wengi mno kuliko maua. Ugonjwa ukishapata jina magazetini, kila mzinga uliokufa ulihesabiwa humo. Bruda Adam hakuvumilia. Mwaka 1968 alijibu katika jarida lilelile kwamba yeye alikuwepo, aliona, na Bailey hakuwepo. Kwangu mimi Bailey ana hoja nzito zaidi kuhusu chanzo. Kuhusu tiba, mtawa ndiye aliyeona mbali.

Mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka karibu 89, Bruda Adam akafika Kilimanjaro. Alimfuata monticola, nyuki mweusi na mpole wa misitu ya milimani, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1961 na F. G. Smith, mtaalamu wa nyuki aliyefanya kazi Tanganyika. Smith huyohuyo ndiye aliyemtaja litorea, nyuki wa pwani yetu. Mwaka 1989 wafugaji kutoka Sweden wakaenda Mlima Elgon, Kenya, wakachukua mbegu za monticola wazalishe nyuki wanaohimili varoa, utitiri kutoka Asia ambao kufikia miaka ya 1990 ulikuwa umeanza kuzoea dawa za Ulaya.

Varoa ulionekana Kenya na Tanzania mwaka 2009. Uchunguzi wa mwaka uliofuata katika maeneo 24 ya Kenya uliukuta karibu kote, isipokuwa kaskazini ya mbali, lakini makundi yenye utitiri mwingi hayakuwa madogo kuliko mengine. Watafiti wakashauri wafugaji wasianze kutumia dawa. Nyuki wetu hugawanyika na kuhama mara kwa mara, hivyo majana, ambamo utitiri huzaliana, hukatika.

Mfugaji wa hapa anapambana zaidi na nyegere, siafu na nondo wa nta, na silaha zake ni waya wa kuning'iniza mzinga, oili chafu kwenye nguzo na masega yaliyochakaa kuondolewa mapema. Hatari iko kwingine. Makundi ya tambarare yakipandishwa milimani kwa gari huchanganyika na monticola, na aliyemleta mzee wa miaka 89 kutoka Devon anaweza kupotea bila hata kuugua. Maafisa nyuki wa wilaya zinazouzunguka mlima wangeanza kulisimamia hilo, kabla ya kuagiza kopo la kwanza la dawa.