Sataranji: programu inajua imeshinda, mbona haimalizi?

Programu ya sataranji imebaki na mfalme na mnara, mpinzani amebaki na mfalme peke yake. Skrini inaandika kwamba ushindi ni wa hakika. Lakini programu inauzungusha mnara huku na huku, hatua 50 zinapita bila kete kuliwa, mchezo unaisha sare. Kijana anayejifunza kutengeneza programu anakesha akitafuta kosa kwenye hesabu zake, kumbe kosa liko kwenye namna programu inavyosoma hazina ya mwisho wa mchezo.

Hazina hiyo ni nini?

Ni mafaili yenye jibu la kila hali ya ubao uliobaki na kete chache, wafalme wawili wakihesabiwa. Kompyuta ilianzia kwenye mati, ikarudi nyuma hatua kwa hatua. Inayotumika sana leo ni Syzygy, ya Mholanzi Ronald de Man, ya mwaka 2013. Ya kete 5 ina karibu gigabaiti 1. Ya kete 6 inafika karibu 150. Ya kete 7, iliyokamilika 2018, inapita terabaiti 16.

Kwa mtu wa Salamabila au Kasongo anayenunua mega kwa kuhesabu, ile ya kete 5 inatosha kuanza. Inaingia kwenye kadi ya memori, na rafiki akiwa nayo unainakili bila intaneti.

Makosa yanayojirudia

Mafaili pungufu. Syzygy ina aina mbili za mafaili. Aina ya kwanza inasema: kushinda, sare au kushindwa. Ya pili inasema zimebaki hatua ngapi kufikia mati, kula kete au kusogeza pioni. Kwa kete 5, kila aina ina mafaili 145. Ukiwa na ya kwanza tu, kila hatua isiyoharibu ushindi inaonekana sawa na nyingine. Ndiyo maana mnara unazunguka.

Zamu. Jibu ni la upande wenye zamu. Programu ikisogeza kete kisha ikauliza, inajibiwa habari za mpinzani. "Kushindwa" hapo ni ushindi wako. Usipoligeuza jibu, programu itaukimbia ushindi wake yenyewe.

Roki. Hazina haina hali ambazo roki bado inaruhusiwa. Hapo programu isiulize, ihesabu yenyewe.

Jaribio la dakika moja

Weka mfalme mweupe e5, pioni nyeupe e4, mfalme mweusi e7. Zamu ikiwa ya weupe, jibu ni sare. Ikiwa ya weusi, weupe wanashinda. Ukipata tofauti, kosa liko kwenye zamu.

Kisha geuza rangi: mfalme mweusi e4, pioni nyeusi e5, mfalme mweupe e2. Sasa zamu ya weusi ni sare, na zamu ya weupe, weusi wanashinda. Likiharibika hili la pili tu, programu inachanganya rangi.

Kabla ya yote, iamuru programu iandike imeona mafaili mangapi. Programu nyingi zikikosa faili hazilalamiki. Zinaendelea kukisia kimya kimya, na mwenyewe anafikiri hazina inafanya kazi.