Maduara Kabla ya Mchoro

Kabla sijachora uso wa mtu, najaza ukurasa mzima maduara. Mkono unazunguka kutoka begani, wala sifuti kitu. Nikiruka zoezi hili, mistari inatetemeka. Zamani nikimaliza nilikuwa naung'oa ule ukurasa na kuutupa. Takataka tu, si ndio?

Halafu nikayajua mapango ya Mawanga na Kwitone, kisiwani Mfangano, Homa Bay. Miambani kuna duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, kazi inayohusishwa na Watwa, wawindaji wa kale. Haya hayakuwa mazoezi: Abasuba waliokuja baadaye waliyaheshimu na kuyahusisha na mvua.

Kule Migori, Thimlich Ohinga, duara limekuwa boma: kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, huenda tangu karne ya 16. UNESCO iliziorodhesha kama urithi wa dunia mwaka 2018.

Mwamba hauna kifutio. Nadhani mkono wa yule mchoraji ulikuwa umeshalizoea duara kabla rangi haijagusa jiwe. Basi kurasa zangu sizing'oi tena. Naziwekea tarehe.