Miaka 60 ya gitaa la mhandisi wa helikopta

Mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 60 tangu kampuni moja ya kutengeneza helikopta katika jimbo la Connecticut, Marekani, iingie sokoni na gitaa. Lilikuwa gitaa la ajabu. Mgongo wake ulikuwa wa mviringo kama bakuli, umetengenezwa kwa nyuzinyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi maalumu, na mbao zilibaki usoni na shingoni tu. Likapewa jina la Ovation. Mwenye kampuni, Charles Kaman, alikuwa mhandisi wa ndege aliyejua gitaa vilivyo. Ujanani alipata nafasi ya kupiga katika bendi kubwa ya Tommy Dorsey, akaiacha kwa sababu ya kazi ya ndege.

Yeyote anayepiga gitaa kavu lenye tundu la waya ubavuni, awe kanisani, harusini au kwenye hoteli ya ufukweni, anadaiwa shukrani na Kaman na mafundi wake. Kwa miaka mingi kabla yao, kuliunganisha gitaa kavu na spika ilikuwa balaa.

Gitaa kavu lina sauti ndogo. Mbele ya maikrofoni moja, mahali tulivu, hakuna kinachopotea. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda mjini Jadotville, ambayo leo ni Likasi, Kongo, na hata sasa anayesikiliza wimbo wake “Masanga” anaweza kuufuata kila uzi, besi ya kidole gumba upande huu na kidole cha shahada upande ule. Weka gitaa hilohilo katikati ya ngoma na tarumbeta, na Mwenda mwenyewe asingesikika.

Kampuni ya Gibson ilijaribu kulitatua jambo hilo mwaka 1954 kwa gitaa ililoliita J-160E. Mwisho wa shingo iliweka pikapu ya sumaku, ileile ya magitaa ya umeme, pamoja na vitufe viwili, kimoja cha sauti na kimoja cha kuchuja. Hapo ndipo suala la nyuzi lilipoanza kuwaumiza watu vichwa. Sumaku haisikii mbao. Inasikia chuma kinachotikisika juu yake. Nyuzi nene za gitaa kavu zimezungushiwa bronzi, na bronzi haina mvuto wowote kwa sumaku. Kinachosikika ni kiini chembamba cha chuma kilichofichwa ndani. Nyuzi mbili za juu, ambazo ni chuma kitupu, zinapiga kelele huku zile nene zikinong’ona. Dawa ilikuwa kufunga nyuzi za gitaa la umeme, zilizozungushiwa chuma chenye nikeli. Uwiano ukarudi, lakini ule mng’ao wa bronzi ukaondoka, na pasipo waya gitaa likawa butu.

Septemba 1962 magitaa mawili ya aina hiyo yalifika katika duka la Rushworth’s mjini Liverpool, yameagizwa kutoka Marekani kwa pauni 161 kila moja. Walioyaagiza ni vijana wawili wa Beatles, John Lennon na George Harrison. Andy Babiuk, aliyeandika kitabu kizima kuhusu vyombo vya bendi hiyo, anayapa magitaa haya nafasi kubwa, na ana haki. Kwa Lennon lilikuwa jambo kubwa: gitaa lake la kwanza lilikuwa Gallotone Champion, gitaa la bei nafuu kutoka kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Hao Gallo ndio waliotoa santuri za Mwenda. Kwa hiyo kampuni moja ya Kiafrika ilimpatia Mwenda santuri na ikampatia Lennon mbao za kujifunzia.

Moja ya magitaa hayo mawili, alilokuwa akilitumia Lennon, liliibwa jijini London Desemba 1963. Akanunua jingine la aina hiyohiyo, na hilo la pili ndilo lililozua kisa cha Oktoba 18, 1964.

Siku hiyo walikuwa studio za EMI, mtaa wa Abbey Road, wakirekodi “I Feel Fine”. Lennon aliliegemeza gitaa kwenye amplifaya bila kuzima pikapu. Paul McCartney akapiga noti ya A kwenye besi. Gitaa, bila kuguswa na mtu, likaanza kulia lenyewe: sauti ya spika ilitikisa mwili wa gitaa, mwili ukatikisa uzi, pikapu ikaurudisha mtikisiko kwenye spika, na duara likaendelea kukua. Vijana wakamuuliza prodyuza wao, George Martin, kama sauti ile inaweza kubaki kwenye rekodi. Ikabaki, mwanzoni kabisa mwa wimbo, na Lennon alijivunia ubunifu huo hadi mwisho wa maisha yake.

Noti ile haikutokea kwa bahati tu. Uzi wa tano wa gitaa ni A, mitikisiko 110 kwa sekunde. Hewa iliyomo tumboni mwa gitaa kavu kubwa huvuma yenyewe karibu na mitikisiko 100. Ukigusa eneo hilo kwa sauti kubwa, gitaa linaitika. Gibson walilijua tatizo hilo, ndiyo maana uso wa J-160E ulitengenezwa kwa mbao za tabaka, ngumu, ili usitikisike ovyo. Haukutosha.

Lile gitaa lililoibwa lilikuja kuonekana Marekani. Mtu mmoja alikuwa amelinunua San Diego kwa dola 175 bila kujua historia yake, na mwaka 2015 likapigwa mnada kwa dola milioni 2.41.

Kaman aliingia kwa mlango mwingine. Watu wake walikuwa wamezoea kupambana na mitikisiko ya mapanga ya helikopta, na Walter Carter, mwandishi wa historia ya Ovation, anaonyesha jinsi ujuzi huo ulivyohamia kwenye gitaa. Kwanza ukaja mgongo wa bakuli. Kisha, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaacha sumaku na kuweka fuwele chini ya kila uzi, pale unapokalia darajani. Fuwele hiyo ikibanwa hutoa umeme, basi haijali uzi ni wa bronzi, chuma au nailoni. Kampuni ya Barcus-Berry ilikwishaanza kutumia fuwele, lakini Ovation ndio waliolifanya gitaa la namna hiyo kuwa bidhaa ya kawaida ya dukani. Mwimbaji Glen Campbell alilipiga kwenye kipindi chake cha televisheni ya CBS, 1969 hadi 1972, na Marekani nzima ikamwona.

Nyuzi za bronzi zikarudi jukwaani. Mwaka 1974 kampuni ya D’Addario ikaleta bronzi yenye fosforasi, inayodumisha mng’ao kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1997 W. L. Gore, watengenezaji wa Gore-Tex, wakaingia na nyuzi za Elixir zilizofunikwa kwa utando mwembamba. Kwa wapigaji wa Tanga, Mombasa na Unguja, wanaoishi na jasho na hewa ya chumvi, utando huo ni neema.

Fuwele nayo ina kasoro yake. Ukipiga kwa nguvu, sauti inatoka kavu na kali, kama si ya mbao. Ndipo vikafuata vifaa: kompresa, korasi, mwangwi, vichujio vya kukata mvumo, na miaka ya 2000 kisanduku cha Fishman Aura kilichochanganya sauti ya fuwele na taswira ya gitaa lililorekodiwa kwa maikrofoni studio. Kaman alifariki mwaka 2011. Kitengo chake cha muziki kilikuwa kimeuzwa kwa Fender, ambao mwaka 2014 walikifunga kiwanda cha Ovation cha New Hartford. Jina la Ovation likaendelea kuhama mikono.

Urithi huu unatunzwa vibaya kwenye majukwaa yetu. Mpigaji ananunua pedali ya bei mbaya huku nyuzi zake zina kutu. Kutu na uchafu huua sauti za juu kwenye uzi wenyewe, na ukipandisha treble kwenye ekwalaiza unaongeza mchakacho tu. Halafu mvumo ukianza, fundi mitambo anashusha gitaa zima hadi lipotee kwenye wimbo. Njia ipo na haina gharama: abane kichujio kimoja chembamba, akipandishe, akitembeze taratibu kati ya mitikisiko 90 na 120 kwa sekunde hadi asikie mahali gitaa linapovuma, kisha apunguze hapohapo na kuacha sauti nyingine zote zilivyo. Kazi hiyo inamalizika wakati wa kujaribu vyombo, kabla mgeni wa kwanza hajaketi.