Faragha ya Mtu, Kutoka Masisi na Walikale Hadi Goma

Kabla ya dola ya Wabelgiji, huku mashariki mwa Kongo, Wahunde wa Masisi aghalabu walikaa katika nyumba zilizotawanyika vilimani, na Wanyanga wa Walikale katika vijiji vidogo msituni, ambako faragha ya mtu ililindwa kwa umbali na kwa adabu ya kubisha hodi, wala haikuhitaji ukuta. Serikali ya kikoloni ikawakusanya watu wa msituni kandokando ya barabara, ili kuwahesabu na kuwatoza kodi kuwe sahali. Nako Masisi, tangu 1937 hadi 1955, ikaleta makumi ya maelfu ya wahamiaji kutoka Rwanda, hata ardhi ikasongamana. Kisha vita, vilivyoanzia Ntoto, wilayani Walikale, Machi 1993, vikawasukuma wengi mpaka Goma, mji ambao mitaa yake mingine imejengwa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002, na ambako jirani hutengwa na jirani kwa ubao tu. Huko kumpita mgeni bila salamu si dhambi, kwa sababu ya wingi wa watu. Kijijini ni utovu wa adabu. Nami nasadiki kwamba hodi ni amana ya wazee wetu, na kwamba ni wajibu wetu kuwarithisha watoto waliozaliwa mjini, kwani miili kukaribiana pasipo heshima hakuzai ujirani.