Miaka 45 ya Rod Dedeaux na Besiboli ya USC

Kuanzia 1948 hadi 1978, timu ya besiboli ya Chuo Kikuu cha Southern California, USC, ilitwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vikuu vya Marekani mara 11. Vikosi vilibadilika, magongo ya mbao yakapisha ya alumini, lakini mara zote hizo Rod Dedeaux alikuwa kwenye benchi la ufundi.

Uzito wa rekodi hiyo unaonekana vizuri ukikumbuka jinsi michezo ya vyuo ilivyoendeshwa enzi hizo. Mwanafunzi aliruhusiwa kuichezea timu ya chuo chake misimu isiyozidi minne, na wenye vipaji vikubwa walichukuliwa na klabu za kulipwa hata kabla ya hapo. Kila mwaka kocha alipoteza sehemu ya kikosi chake na kupokea vijana wapya. Kilichobaki chuoni ni mafunzo na aliyeyatoa.

Dedeaux alizaliwa New Orleans mwaka 1914, akakulia kusini mwa California na kuichezea USC chini ya kocha Sam Barry. Mwaka 1935 alisajiliwa na Brooklyn Dodgers, iliyokuwa ikiongozwa na Casey Stengel. Alicheza mechi mbili tu za ligi kuu, na baadaye jeraha la mgongo likamfungia njia ya kuishi kwa kucheza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa mtaji wa dola 500 alianzisha kampuni ya malori, ikakua hadi ikamtajirisha. Kwa hiyo USC ilipomkabidhi timu, alikubali mshahara wa jina tu, dola 1 kwa mwaka.

Alikabidhiwa timu hiyo mwaka 1942, Barry alipokwenda kutumikia jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita waliifundisha pamoja, na mwaka 1948 wakaipatia ubingwa wake wa kwanza huko Kalamazoo, Michigan. Walioshindwa katika fainali hiyo walikuwa Yale, na nahodha wao alikuwa George H. W. Bush, ambaye miaka 41 baadaye aliapishwa kuwa Rais wa Marekani. Barry alifariki mwaka 1950, na tangu hapo jukumu lote likawa la Dedeaux.

Mazoezini alisisitiza misingi na utulivu wa akili. Mchezaji alitakiwa kujua atautupa wapi mpira kabla haujamfikia. Hata hivyo, uwanjani kwake hapakuwa na ukali wa kambi ya jeshi; alipenda utani, na alizoea kumwita karibu kila mtu Tiger. Wala hakugawa nafasi kwa kukisia. Kijana mmoja mrushaji, Tom Seaver, alipotaka ufadhili wa masomo, Dedeaux alimtaka kwanza akathibitishe uwezo wake kwenye timu ya kiangazi huko Fairbanks, Alaska. Seaver alifaulu, akaichezea USC mwaka 1965, kisha akashinda mechi 311 za ligi kuu.

Kilele kilikuwa miaka mitano mfululizo ya ubingwa, 1970 hadi 1974. Kwa kanuni ya misimu minne, hakuna mwanafunzi aliyeweza kucheza fainali zote tano.

Mechi inayosimuliwa zaidi katika miaka hiyo ni nusu fainali ya 1973 mjini Omaha, dhidi ya Minnesota. Besiboli haina saa. Kila timu hupewa awamu tisa za kupiga, na awamu haiishi hadi wapigaji watatu watolewe. USC iliingia awamu ya tisa ikiwa nyuma 7-0. Mrushaji wa Minnesota, Dave Winfield, alikuwa amewatoa wapigaji 15 kwa mirusho yake peke yake. Lakini mkono wake ulikuwa umechoka, USC ikaanza kufunga, naye akaondolewa kwenye urushaji. Vijana wa Dedeaux walipata pointi nane katika awamu hiyo moja, wakashinda 8-7, kisha wakaifunga Arizona State 4-3 katika fainali.

Jina lake lilivuka pia mipaka ya chuo. Aliongoza timu ya Marekani kwenye mchezo wa maonyesho wa Olimpiki ya Tokyo 1964, na alisaidia kuanzisha mashindano kati ya wachezaji wa vyuo vya Marekani na Japani. Katika Olimpiki ya Los Angeles 1984 aliongoza tena timu ya taifa, akiwemo mwanafunzi wake Mark McGwire. Japani ikashinda fainali 6-3.

Nyumbani nako ushindani ulikuwa umepanda. Cal State Fullerton, chuo jirani, kilitwaa ubingwa mwaka 1979 na 1984, wakati USC ya Dedeaux haikuupata tena baada ya 1978. Dedeaux alistaafu mwaka 1986 akiwa na ushindi 1,332, idadi ambayo hakuna kocha wa besiboli ya vyuo aliyekuwa ameifikia. Miongoni mwa warushaji wake wa miaka ya mwisho alikuwamo Randy Johnson. Dedeaux alifariki Januari 2006 akiwa na umri wa miaka 91.

Mrithi wake, Mike Gillespie, alikuwa mchezaji wa kikosi cha ubingwa cha 1961. Mwaka 1998 aliipatia USC taji la 12, lililozidi kuikweza rekodi ya chuo chenye mataji mengi kuliko vyote. Kombe hilo haliandikwi kwenye hesabu ya Dedeaux, ila aliyelileta alikuwa amesomea kazi kwake.